Herufi U Chini ya Sinki

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Somo la Mambo ya Nyumbani.

Kwa msaidizi wa darasa: Kabla ya kusoma mazungumzo haya, weka tayari ubao, chaki, kikombe cha maji, na kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono mmoja. Ukipata mpira unaopenya mwanga, ni bora zaidi.

Natumaini mmekaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake.

Leo tuna kazi ya mikono. Tutajifunza kutengeneza sinki la jikoni linalovuja kwa chini, katika bomba linalopeleka nje maji machafu. Kazi hii aweza kuifanya mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, maadamu aweza kuinama na kushika nati kwa mkono.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Mwalimu, mimi kwangu sina sinki. Naoshea vyombo uani katika beseni." Vema. Lakini huenda mwanao analo. Huenda unafanya kazi katika mkahawa wenye sinki, au mwakani utapanga nyumba yenye sinki. Maarifa hayaozi. Yaweke, siku yake itafika.

KISA CHA MAMA WA MAANDAZI

Katika mtaa ninaokaa, Morogoro mjini, yuko mama mmoja ambaye ni mwanafunzi wa darasa letu la jioni. Sitamtaja jina. Amenipa ruhusa ya kusimulia kisa chake, wala hakunituma nimtangaze yeye.

Mama huyu hupika maandazi na vitumbua vya kuuza asubuhi. Jiko lake ni dogo, kwa hiyo unga aliuweka katika kabati chini ya sinki. Siku moja aliinua mfuko wa unga akaona kitako chake kimelowa. Unga wa chini ulikuwa umeshika kuvu na kutoa harufu ya uchachu. Alitupa kilo 10. Kwa mtu anayeishi kwa maandazi, kilo 10 si jambo dogo.

Alifanya vema kuutupa. Unga au nafaka iliyoota kuvu si chakula. Kuvu nyingine hutoa sumu, nayo kwa Kiswahili twaiita sumukuvu. Mwaka 2004, huko mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yale yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Sisemi kwamba kila unga uliolowa una sumu. Nasema hivi: kwa macho tu huwezi kujua, basi usijaribu kwa tumbo la mtoto wako.

Mama akaita fundi. Fundi akafunga plastiki juu ya maungio ya bomba, akazungusha utepe, akapokea fedha zake, akaenda. Baada ya wiki 2 maji yakarudi. Mama akaita fundi wa pili. Huyu naye akaongeza plastiki juu ya plastiki, na utepe juu ya utepe. Maji yakarudi. Fundi wa tatu akamwambia, "Mama, linalokusumbua ni hili bomba lililopinda. Nitalitoa, niweke lililonyooka." Akafanya hivyo, na kweli maji yakaacha kuvuja.

Lakini usiku ule ule jiko lilinuka kama choo. Kesho yake mende walianza kupanda kutoka katika tundu la sinki.

Ndugu wanafunzi, kwa nini mambo yalikuwa hivyo? Bomba lililopinda lilikuwa na kazi gani? Hapo ndipo somo letu linapoanza.

KAZI YA BOMBA LILILOPINDA

Msaidizi wa darasa, tafadhali andika ubaoni herufi U. Iandike kubwa, watu wote waione.

Itazameni. Ina miguu miwili iliyosimama, na chini imepinda kama kitako cha chungu. Ukimimina maji ndani yake, maji yatakaa pale chini. Bomba lililo chini ya sinki lina umbo hili hili. Ukiosha vyombo, maji machafu hupita na kwenda zake. Lakini kila mara maji kidogo hubaki katika ule upindo wa U. Maji hayo ni mlango. Harufu ya shimo la maji machafu haiwezi kuyapita, na mende hawapandi kwa urahisi.

Chukueni sasa ule mpira wa maji. Upindeni uwe kama U, mimineni maji kidogo, kisha mtu mmoja apulize upande mmoja polepole. Mnaona? Pumzi inayasukuma maji kidogo, lakini haipiti upande wa pili mpaka ipulizwe kwa nguvu. Sasa mwageni maji, mpulize tena. Pumzi inapita bila kizuizi. Ndivyo harufu ilivyopita katika nyumba ya yule mama, baada ya fundi kuondoa U na kuweka bomba lililonyooka. Aliponya ugonjwa mmoja akaleta mwingine.

Maarifa haya si ya jana. Mwaka 1775, mjini London, fundi wa saa aitwaye Alexander Cumming alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wa choo cha maji chenye bomba lililopindwa kama herufi S. Hata leo vyoo vya maji na masinki hutumia maarifa yayo hayo.

Masinki mengine hayana U inayoonekana. Badala yake yana kikombe cha plastiki kinachoning'inia kama chupa fupi. Ndani ya kikombe hicho pia maji hukaa yakazuia harufu. Basi U au chupa, kazi ni moja. Usikubali mtu aiondoe.

TAZAMA KWANZA, KISHA FUNGUA

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe. Watu wengi wakiona maji chini ya sinki hukimbilia kukaza kila nati wanayoiona. Hilo ni kosa. Maji huteremka. Yaweza kutoka juu, yakatambaa juu ya bomba, yakadondoka mahali pengine kabisa. Unapoona tone, huenda sipo penye jeraha. Mganga hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Fanya vivyo hivyo.

Toa vitu vyote katika kabati. Chukua kitambaa kikavu, futa mabomba yote toka juu hadi chini. Tandika gazeti kavu chini yake. Sasa jiulize swali la kwanza: je, maji yanadondoka hata kama hakuna mtu anayetumia sinki? Kama ndivyo, na maji ni safi, basi huenda linalovuja ni bomba linaloleta maji, wala si linalotoa. Hilo ni somo jingine. Funga koki ya maji, umwite anayejua.

Kama maji hudondoka wakati wa kuosha vyombo tu, basi ni bomba la kutoa maji, na kazi ni yako. Nawapa habari njema: kwa kazi hii huhitaji kufunga maji ya nyumba nzima. Bomba la kutoa maji halina nguvu ya maji ndani yake. Lina maji pale tu unapoyamwaga. Yatosha kuwaambia watu wa nyumbani, "Mtu asifungue maji ya sinki hili mpaka niseme."

Sasa ziba tundu la sinki kwa kizibo, jaza maji nusu, ungoje dakika 10. Washa tochi utazame chini. Kama sasa hivi panavuja, jeraha liko juu kabisa, pale bomba linapoungana na tundu la sinki. Kama ni pakavu, toa kizibo, maji yaende kwa nguvu. Tazama, na upapase kila maungio kwa karatasi kavu au kidole kikavu. Anza juu, shuka chini. Maungio ya kwanza kulowa ndiyo yenye ugonjwa. Yaliyo chini yake yanapokea tu.

Andikeni maneno haya katika daftari: Tazama kwanza, kisha fungua.

VYOMBO VYA KAZI

Vyombo vyetu ni vichache: ndoo au beseni, vitambaa viwili, tochi, mswaki wa zamani, na sabuni. Kama nati za bomba lako ni za chuma utahitaji spana. Kama ni za plastiki, mkono watosha.

Kabla hujafungua, nawapa onyo moja kubwa. Kama mtu amemwaga dawa kali ya kuzibua mabomba katika sinki lile, usifungue bomba. Dawa ile huchoma ngozi, na yaweza kupofusha macho. Waulize watu wote wa nyumbani kwanza. Nawe usiimwage kabla ya kazi hii.

KUFUNGUA NA KUSAFISHA

Hatua ya 1. Weka ndoo chini ya upindo wa U. Kumbuka, ndani yake mna maji siku zote, hata kama sinki halijatumika tangu jana.

Hatua ya 2. Chora. Ndiyo, chora katika daftari lako jinsi bomba lilivyo kabla ya kuligusa. Andika namba 1 penye maungio ya juu, namba 2 yanayofuata, namba 3 ya mwisho. Ukishatoa vipande vyote vikalala sakafuni, mchoro huo ndio utakaokuonyesha njia ya kurudi.

Hatua ya 3. Legeza nati. Kwa kawaida nati hukazwa kwa kuizungusha upande mishale ya saa inakoelekea, nayo hulegezwa kwa kuizungusha kinyume. Lakini ukiwa umelala chini ya sinki, nati nyingine unaitazama kwa juu na nyingine kwa chini, na kichwa huchanganyikiwa. Kwa hiyo zungusha kwa upole. Ikiwa ngumu, jaribu upande wa pili kabla ya kutumia nguvu. Plastiki iliyozeeka hupasuka upesi. Kama nati ni ya chuma, funga kitambaa juu yake ndipo ushike kwa spana, isikwaruzwe.

Hatua ya 4. Shusha U, mwaga maji yake ndani ya ndoo. Utakuta mafuta yaliyoganda, wali, majani ya chai, na mchanga kama mnasugulia sufuria kwa mchanga. Safisha kwa mswaki na sabuni, ndani na nje. Safisha na mipasuo ya nati, kwa maana chembe moja ya mchanga yatosha kuvujisha maji.

Hapa niwasimulie aibu yangu. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii, niliitoa U vizuri, nikaisafisha vizuri, nikaona ndoo imejaa uchafu. Nikafikiri, "Niumwage wapi?" Nikaumwaga katika sinki. Sinki ambalo chini yake bomba nimelitoa! Maji yote machafu yalishuka juu ya miguu yangu na ya mke wangu aliyekuwa amenishikia tochi. Hakusema neno. Alinipa tochi yangu akaondoka. Basi, ndugu wanafunzi, mwageni ndoo nje.

MPIRA MDOGO WENYE MADHARA MAKUBWA

Hatua ya 5. Tazama ndani ya kila nati. Utaona mpira wa duara kama pete. Dukani huitwa washa. Mpira huu ndio unaozuia maji katika maungio. Nati kazi yake ni kuukandamiza tu. Mpira ukizeeka huwa mgumu, hupasuka, au hupindika, na maji hupata njia. Mara nyingi sana ugonjwa wote wa sinki ni mpira huu, nao bei yake ni ndogo kuliko plastiki, utepe na malipo ya mafundi watatu.

Itazame mipira kabla ya kuitoa. Mingine ni bapa pande zote. Mingine upande mmoja ni mwembamba na upande wa pili ni mnene. Huo wenye upande mwembamba, wembamba wake huelekea ndani ya maungio, pale unapoingia na kubana, na unene wake huelekea nati. Ukiugeuza, maji yatavuja hata kama mpira ni mpya. Basi chora na huo pia.

Hatua ya 6. Enda dukani. Na hapa ndipo kusoma kunapokuwa chombo cha kazi kama spana.

Mabomba haya yana vipimo. Masinki mengi ya jikoni yana bomba la milimita 40, nalo wauzaji wengi huliita la inchi moja na nusu. Beseni ndogo za kunawia mikono mara nyingi zina bomba la milimita 32, yaani inchi moja na robo. Tofauti ni milimita 8 tu, kwa macho huioni vizuri ukiwa dukani. Lakini mpira wa 32 katika bomba la 40 hautakaa kamwe. Mara nyingi namba huwa imechapwa juu ya plastiki yenyewe, kwa herufi ndogo zilizoinuka. Pitisha kidole, utazisikia. Zioshe, uzimulike kwa tochi, uzisome, uziandike.

Kisha chukua mpira wa zamani uende nao. Usiseme tu, "Nipe washa ya sinki."

Mama wa maandazi alikwenda dukani hivyo. Alikuwa ameuliza darasani jioni moja, mbele ya watu wote, "Mwalimu, harufu ya sinki hutoka wapi?" Nikaenda kwake, tukakagua pamoja. U ya zamani ilikuwa bado uani. Tuliiosha, naye akaisoma mwenyewe: nne, sifuri. Arobaini. Akaandika 40 katika kiganja chake.

Dukani kijana akampa mfuko mdogo wa mipira. "Chukua hii, mama. Yote ni sawa."

Mama akautazama mfuko. Akasema, "Mwanangu, hapa pameandikwa 32. Mimi nataka 40."

Kijana akautazama mfuko naye. Akaurudisha, akatafuta mwingine. Mama aliniambia, "Mwalimu, miaka yote nimenunua kwa kuambiwa. Siku ile nilinunua kwa kusoma."

KURUDISHA NA KUJARIBU

Hatua ya 7. Rudisha kila kitu kwa kufuata mchoro wako. Pitisha nati kwanza juu ya bomba, kisha mpira, kisha unganisha. Watu wengi husahau nati, wakaja kuikumbuka bomba limekwisha kukaa. Paka maji ya sabuni kidogo juu ya mpira ili uteleze na kukaa sawa.

Hatua ya 8. Kaza nati kwa vidole, na uhakikishe haijaingia upande. Nati iliyoingia vizuri huzunguka laini tangu mwanzo. Ikikwama mapema, ifungue uanze upya. Ikifika mwisho, ongeza robo ya mzunguko tu. Acha hapo. Nguvu nyingi hupasua nati na kuubana mpira ukatoka mahali pake.

Watu huuliza, "Je, ule utepe mweupe wa mabomba?" Utepe ule una kazi yake katika mipasuo ya mabomba yanayoleta maji. Katika maungio ya bomba hili, kinachozuia maji ni mpira. Kama mpira ni mbovu, utepe hautakusaidia, na ukiwa mwingi utazuia nati isikae sawa. Na je, mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli? Kwa maungio bapa waweza kukuvusha siku chache mpaka upate wa duka. Usiufanye wa kudumu.

Hatua ya 9. Tandika gazeti kavu. Jaza sinki maji, kisha toa kizibo yaende yote kwa pamoja. Kumwaga kikombe kimoja si jaribio, maana maungio mabovu yaweza kunyamaza kwa maji kidogo yakasema kwa maji mengi. Tazama gazeti. Likilowa, tafuta tena kwa kuanza juu. Likiwa kavu, liache hapo usiku mzima, ulitazame asubuhi. Gazeti halisemi uongo.

PANAPOVUJA KATIKA TUNDU LA SINKI

Ikiwa panavuja pale juu, bomba linapoungana na sinki lenyewe, kazi ni ya watu wawili. Mmoja azuie kichujio kwa juu kisizunguke, mwingine alegeze nati kubwa kwa chini. Toeni kichujio, kwangueni gundi yote ya zamani, osheni, kausheni kabisa. Wekeni mpira mpya, na chini ya ukingo wa kichujio pakeni silikoni ya kuzuia maji kama duara lisilokatika. Kazeni, kisha futeni inayozidi. Halafu someni maandishi juu ya chupa ya silikoni. Yanaeleza inahitaji saa ngapi kukauka. Kabla ya saa hizo kwisha msitie maji, hata kama wageni wamefika.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Kujua kazi ni pamoja na kujua mwisho wa kazi. Mwite fundi kama maji yanatoka ndani ya ukuta au chini ya sakafu, kama sinki lenyewe limepasuka, kama mabomba ni ya chuma cha zamani yaliyoliwa na kutu, au kama maji machafu yanarudi juu badala ya kwenda chini. Nyumba ikiwa ya kupanga, mwambie mwenye nyumba kabla hujafungua kitu.

Sikusema kwamba mafundi hawana faida. Fundi mwema ni hazina ya mtaa. Lakini hata fundi mwema atakufanyia kazi bora zaidi ukiweza kumwambia, "Maungio namba 2 ndiyo yanayovuja, na bomba ni la 40." Na yule asiye mwema atajua kwamba hapa kuna macho.

KULITUNZA SINKI

Usimwage mafuta ya kukaangia katika sinki, maana yakipoa huganda ndani ya U. Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha. Weka kichujio kizuie wali na majani ya chai. Na kama sinki halitumiki kwa wiki nyingi, maji ya U hukauka na harufu huingia. Mimina kikombe cha maji, mlango utafungwa tena.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuseme sinki linamwaga robo ya lita kila unapoosha vyombo, nawe waosha mara 3 kwa siku. Hiyo ni robo tatu ya lita kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 22 na nusu. Ni zaidi ya ndoo ya lita 20 ya maji machafu, imemwagwa polepole ndani ya kabati yako.

Namalizia kwa yule mama. Tulirudisha U mahali pake, na mipira mipya ya 40. Mimi nilishika tochi tu. Nati zote alikaza yeye. Asubuhi yake gazeti lilikuwa kavu. Niliporudi baada ya siku chache, alinifungulia kabati nione. Unga ameuhamishia kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya rafu. Na upande wa ndani wa mlango wa kabati palikuwa na maandishi ya kalamu ya risasi, herufi kubwa, mstari umepanda kidogo: NIMETENGENEZA MIMI. Chini yake tarehe, na namba 40.

Nikamwuliza kwa nini ameandika namba. Akasema, "Ili siku ikivuja tena, binti yangu asome."

Kwaherini, ndugu wanafunzi, hadi somo lijalo.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

sinki, bomba, nati, mpira, maungio, kizibo, kichujio, kuvu, unyevu, kukaza, kulegeza

MASWALI

1. Kwa nini harufu iliingia katika nyumba ya mama baada ya bomba lililopinda kuondolewa?
2. Utajuaje kwamba linalovuja ni bomba la kutoa maji, wala si la kuleta maji?
3. Ukiona maungio matatu yamelowa, utaanza kutengeneza lipi? Kwa nini?
4. Hesabu: Sinki linamwaga nusu lita kila siku. Litamwaga lita ngapi kwa siku 30?
5. Kazi ya nyumbani: Tafuta kitu chochote cha plastiki au cha chuma nyumbani kwako chenye namba iliyochapwa juu yake. Isome, iandike katika daftari, na uje utueleze namba hiyo ina maana gani.